Kiti cha eneo tegemezi IMO: barua inakwenda New York, si London

Kila kabrasha la eneo tegemezi, yaani kisiwa ambacho mambo yake ya nje yako mikononi mwa dola nyingine, huanza na kosa lilelile: wakubwa wa kisiwani wanataka "hadhi ya mwangalizi" katika Shirika la Bahari Duniani (IMO). Huo ni mlango wa watu wengine. Waangalizi pale ni hasa mashirika, ya kiserikali na yasiyo ya kiserikali. Eneo lisilo dola huingia kama mwanachama mshiriki, na wapo watatu tu: Hong Kong (1967), Macau (1990) na Visiwa vya Faroe (2002).

Hatua ya 1: Kagua daftari lako la meli, yaani orodha rasmi ya meli zilizosajiliwa kwako. Faroe walifungua daftari lao la kimataifa mwaka 1992, miaka kumi kabla ya kupata kiti. Kama huna meli, sheria wala wakaguzi wako, ngoja kwanza. Na hata mwenye meli halazimiki: Bermuda na Cayman zina madaftari ya maana, lakini huingia kwa mgongo wa Uingereza.

Hatua ya 2: Ibane dola kuu. Hapa ndipo miaka inapoishia. Wewe huombi chochote IMO; dola inayoshika mambo yako ya nje ndiyo inayoandika. Kwanza itamke, kwa mujibu wa Mkataba wa IMO, kwamba Mkataba unalihusu eneo lako. Kisha itoe taarifa ya Ibara ya 8. Zote mbili huenda kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, New York. Nimeshaona rasimu iliyoelekezwa makao makuu ya IMO, Albert Embankment, London, tena imesainiwa na waziri wa bandari wa kisiwani. Tuliandika upya hivi:

"Serikali ya ……, yenye dhamana ya mahusiano ya kimataifa ya ……, inakuarifu kwamba, kwa mujibu wa Ibara ya 8, …… inakuwa mwanachama mshiriki."

Kitenzi ni *inakuarifu*. Mtu wa itifaki atataka kuweka *inakuomba* kwa adabu; mkatalie.

Hatua ya 3: Waite watu wa hazina mapema. Mchango hukokotolewa zaidi kwa tani za meli zilizosajiliwa, kwa hiyo daftari likinenepa, ankara nayo inanenepa.

Hatua ya 4: Kitumie kiti. Una haki za mwanachama isipokuwa kupiga kura na kugombea nafasi katika Baraza la IMO (Ibara ya 9). Wanasiasa hulia sana juu ya kura, ila kwenye kamati mambo mengi huamuliwa kwa maafikiano, na hapo hoja iliyoandikwa vizuri ndiyo yenye nguvu. Pendekezo la kazi mpya kwa Kamati ya Usalama wa Usafiri wa Majini lifike wiki 13 kabla ya kikao. Ukichelewa, utakaa nyuma ya kibao chenye jina lako ukisikiliza ya wenzako.