Ufiche vikasha vingapi vya jiokeshi? Piga hesabu ya kuvitunza kwanza

Tovuti ya geocaching.com, ya mchezo wa jiokeshi, yaani kutafuta vikasha kwa GPS, haimwekei mtu kikomo cha vikasha anavyoweza kumiliki. Kanuni zake zinasema tu kwamba mwenye kikasha atakitembelea na kukirekebisha kikiharibika, na kwamba anayeshindwa kufanya hivyo kwa wakati anaweza kunyimwa nafasi ya kusajili vingine, kwa muda au moja kwa moja. Kwa hiyo kikomo kipo, ila unajipangia mwenyewe. Wengi hujipangia vibaya kwa sababu wanahesabu vikasha wanavyoweza kuficha wikendi moja, badala ya vile watakavyoweza kuvifikia masika yakiwa yamekolea, njia ni tope na madaftari yote yamelowa kwa mpigo.

Kwa asiyeujua mchezo: mtu anaficha kikasha chenye daftari mahali panapofikika, anaweka koodineti zake za GPS mtandaoni, wengine wanakitafuta, wanaandika majina yao na kukirudisha palepale. Cha kwanza kilifichwa tarehe 3 Mei 2000 karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, Marekani, mara tu serikali ya nchi hiyo ilipoacha kupotosha mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Maelezo yanayofuata ni ya mtu ambaye tayari ametafuta vikasha visivyopungua 20, idadi ambayo tovuti yenyewe inapendekeza kabla hujaficha cha kwanza.

Anza na saa ulizonazo

Chukua mfano wa mtu mwenye kazi ya kuajiriwa Nairobi au Dar es Salaam. Ana Jumamosi moja kwa mwezi, saa tano. Kwa mwaka ni saa 60. Ondoa theluthi moja mapema, kwa sababu kutakuwa na harusi, msiba, homa na safari za kikazi. Zimebaki 40.

Sasa gharama ya kikasha kimoja kilicho peke yake mjini. Kikasha kidogo, chenye ujazo usiofika mililita 100, kinahitaji ziara nne za kawaida kwa mwaka na unapaswa kutarajia moja ya dharura. Kila ziara, ukiweka foleni za barabarani, ni saa moja na nusu. Hizo ni saa saba na nusu. Ongeza nusu saa ya kujibu ujumbe na kurekebisha maelezo mtandaoni, unapata saa nane. Gawa 40 kwa 8: vikasha vitano. Si kumi na tano, vitano.

Hesabu hiyo hubadilika sana vikasha vikikaa kwenye njia moja. Tuseme una kumi kwenye mzunguko mmoja wa msituni. Safari ya kwenda na kurudi ni saa moja na nusu, kila kikasha dakika 15, jumla saa nne. Mara nne kwa mwaka ni saa 16. Dharura kumi za saa moja na nusu ni saa 15, na mtandaoni saa tano. Jumla 36. Mtu yuleyule, kwa saa zilezile, anatunza vikasha kumi badala ya vitano. Anayetaka vikasha vingi avipange kwenye mizunguko isiyozidi miwili, tena karibu na njia anayopita kwa shughuli nyingine. Kikasha kilicho hatua chache kutoka stendi unayoshukia kila siku hakigharimu karibu chochote.

Kwa maoni yetu, hayo ndiyo makadirio ya haki kwa mwenye Jumamosi moja: vitano vilivyotawanyika, au kumi vilivyokusanyika. Mstaafu mwenye baiskeli na afya njema anaweza kufika 20. Ukivuka 30, tafuta mshirika wa kweli ambaye anajua kila kikasha kilipo na ana vifaa vya akiba nyumbani kwake.

Halafu kuna jaribio la pili, ambalo huwaangusha hata wenye saa za kutosha. Kikasha kikiharibika unakisimamisha kwa muda mtandaoni, na wakaguzi wa kujitolea wa tovuti kwa kawaida wanatarajia kiwe kimetengenezwa ndani ya wiki nne hivi. Jiulize: vikasha vyangu vyote vikilowa wiki moja, nitavimaliza ndani ya wiki nne? Kama jibu ni hapana, punguza, hata kama hesabu ya mwaka inakuruhusu.

Kanuni ya mita 161 si ruhusa ya kujaza njia

Umbali wa chini kati ya kikasha na kikasha ni mita 161, yaani sehemu ya kumi ya maili. Kwenye njia ya kilomita tano hiyo inatoa nafasi ya vikasha 32. Watu hufanya hivyo, na Marekani kuna barabara za jangwani zilizopangwa vikasha kwa mamia. Tatizo ni kwamba vyote vinazeeka pamoja: kila mtafutaji anatia jina kwenye vyote 32, madaftari yanajaa kwa wakati mmoja, mvua ni ileile, na mfuniko dhaifu ulionunua kwa jumla ni dhaifu mara 32. Njia kama hizo huponea kwa watafutaji wanaodondosha kikasha kipya wasipoona cha zamani. Usitegemee msaada huo. Mara nyingi cha zamani kipo, kimejificha vizuri tu, na sasa una viwili mahali pamoja, huku wewe ndiye unayewajibika kwa vyote.

Vifaa vinavyokupunguzia ziara

Sababu kubwa ya ziara za dharura ni maji, na maji huingia kwenye mfuniko. Kopo la filamu ya kamera lina mfuniko wa kubana ambao ukiingiwa na punje moja ya mchanga haufungi tena. Vijisanduku vya sumaku vya kufichia funguo vina mfuniko wa kutelezesha usio na mpira, navyo pwani huota kutu haraka kwa sababu ya chumvi. Chaguo bora kwa udogo ni vile vibomba vya plastiki nene ambavyo viwanda vya vinywaji huvipuliza kuwa chupa za soda: vina skrubu, ukuta wake ni mgumu, na mfuniko umetengenezwa kuzuia hata gesi. Kwa ukubwa wa nusu lita hadi lita moja, nunua kontena la chakula lenye klipu nne na mpira wa silikoni unaochomoka, ili uweze kuubadilisha bila kubadilisha kontena zima. Kabla ya kuficha, weka tishu kavu ndani, zamisha kwenye ndoo ya maji usiku kucha ukilikandamiza kwa jiwe, kisha angalia tishu. Ikiwa na unyevu wowote, kontena hilo libaki jikoni.

Maelekezo mengi ya kigeni hushauri daftari liwekwe ndani ya mfuko wa plastiki. Achana nayo. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Na hata pasingekuwa na sheria, mfuko ukitoboka unashika maji ndani na kuozesha karatasi haraka kuliko kama usingekuwepo. Weka pakiti ndogo ya chembe za kunyonya unyevu, zile zinazokuja na viatu vipya, na utumie penseli. Kalamu za wino hukauka au huvuja kwenye joto.

Makasha ya chuma ya kuhifadhia risasi yanasifiwa sana Marekani kwa kutopitisha maji. Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, kasha la rangi ya jeshi chini ya benchi litaletewa polisi kabla halijaletewa mtafutaji. Tumia kontena linaloonyesha kilichomo, bila nyaya wala gundi nyeusi, na ubandike maandishi nje kwa Kiswahili: “Hiki ni kikasha cha mchezo wa kutafuta kwa GPS. Hakina hatari. Tafadhali kiache hapa.” Weka na jina lako la mchezo. Kaa mbali na maduka makubwa, balozi, vituo vya polisi, shule, viwanja vya ndege na reli.

Wezi wa vikasha ni wa aina nyingi, na kila mmoja ana dawa yake. Kima na nyani hufuata harufu, kwa hiyo usiweke pipi, sabuni wala mshumaa wenye manukato. Chakula kimekatazwa hata na kanuni. Mchwa hula mbao na karatasi, basi kikasha kikae juu ya jiwe au kwenye uma wa mti, kisiguse udongo. Usichimbe shimo la kukifukia, hilo haliruhusiwi bila idhini ya wazi ya mwenye ardhi. Chuma huchukuliwa na wauza vyuma chakavu. Na kontena zuri la plastiki likionekana njiani, jioni litakuwa na mboga ya mtu. Lifiche pasipoonekana na anayepita wima, lakini mtu mzima alifikie bila kukanyaga bustani.

Koodineti mbovu nazo zinakula saa zako. Chini ya miti mikubwa au kati ya maghorofa simu inaweza kukosea kwa mita nyingi, na watafutaji watageuza kila jiwe kabla ya kukuandikia kwamba hakipo. Chukua vipimo siku mbili tofauti, kila mara ukisimama dakika kadhaa, kisha tumia wastani.

Ratiba na mfuko wa matengenezo

Ziara nne zipange kwa majira: Februari mwishoni, kabla ya masika, Juni, mvua ikikatika, Septemba, kabla ya vuli, na Januari. Ziara ya Februari ndiyo ya kubadilisha mipira ya mifuniko. Ya Juni ni ya kutoa madaftari yaliyolowa.

Mfukoni uwe na madaftari matatu makavu, penseli mbili, vibomba viwili na kontena moja la akiba, mipira ya silikoni, kitambaa, kalamu isiyofutika, glavu na tochi. Glavu ni za nge na nyoka, usizione aibu. Ukifika, angalia kwanza kama kikasha bado kipo pale ulipokiacha, kwa sababu kila mtafutaji hukisogeza kidogo na baada ya watu ishirini kinaweza kuwa kwenye mti mwingine. Linganisha na picha uliyoipiga siku ya kwanza.

Kwenye jedwali la kawaida la kompyuta, kila kikasha kiwe na mstari wake: namba yake, tarehe ya ziara ya mwisho, nafasi zilizobaki kwenye daftari, na jina na simu ya aliyekupa ruhusa. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Msitu wa Karura una wasimamizi wake, Huduma ya Misitu ya Kenya pamoja na jumuiya ya marafiki wa msitu. Hifadhi za taifa zina mamlaka zao. Kiwanja cha kanisa kina mzee wake. Mlinzi akibadilishwa, ruhusa ya mdomo inaondoka naye. Daftari lenye mistari 30 linalotembelewa na watu watano kwa mwezi litajaa baada ya miezi sita, na hilo unaweza kulijua bila kutoka nyumbani.

Ukimaliza, andika mtandaoni rekodi ya matengenezo ya mwenye kikasha. Usipoiandika, alama ya uharibifu inabaki hata kama kila kitu ni kipya, na mkaguzi hana njia nyingine ya kujua.

Kuhusu taarifa za “sikukiona”: kikasha cha ugumu wa daraja la 1 au 1.5 (kipimo ni 1 hadi 5, 1 ikiwa rahisi zaidi) kikipata mbili mfululizo, kisimamishe na uende. Cha daraja la 4 kinaweza kupata tano na kikawa kizima kabisa. Anayesimamisha mapema hapotezi kitu, ila anayengoja hupoteza watafutaji, kwani mtu aliyepanda boda na kulipa kiingilio kwa ajili ya kikasha kisichopo hatarudi kwa vikasha vyako vingine.

Mbali na nyumbani

Anayeishi London na kurudi Moshi kila Desemba hawezi kutunza kikasha Moshi, hata kimoja, isipokuwa awe na mtu wa hapo aliyekubali kazi hiyo na aliyetajwa kwa mkaguzi. Binamu aliyesema “hamna shida” kwenye simu hatoshi. Mwonyeshe kilipo, mwachie mfuko wa akiba, na umwombe afanye ziara moja wewe ukiwapo.

Kama kinachokuvutia ni mahali penyewe, mathalani miamba ya Hell's Gate au kreta ya Ngorongoro, kuna aina inayoitwa EarthCache: haina kikasha, mtafutaji anajifunza jiolojia ya mahali na kukutumia majibu. Ruhusa bado inaweza kuhitajika na majibu lazima uyasome, lakini hakuna daftari la kukausha.

Kuongeza na kupunguza

Anza na viwili na uviache vipite masika yote. Vikasha vinatarajiwa kudumu angalau miezi mitatu, lakini miezi mitatu ya kiangazi haikufundishi kitu. Kama hujapitwa na wiki nne mara yoyote, ongeza viwili au vitatu kwa msimu, si zaidi.

Ukihama au ukichoka, una njia mbili. Ya kwanza ni kumkabidhi mwingine kupitia utaratibu wa tovuti, naye lazima akubali mwenyewe. Mpeleke kwa aliyekupa ruhusa pia. Ya pili ni kukifunga. Kifunge siku ileile unayokwenda kukitoa, ukiwa umekishika mkononi, kwa sababu kikasha kilichofungwa mtandaoni na kuachwa msituni ni takataka yenye jina lako, na nafasi yake ya mita 161 inaweza kusajiliwa na mtu mwingine. Chukua waya, kamba na maandishi yote. Anza kwa kufunga vile vilivyo mbali zaidi na vinavyopata wageni wachache. Vya karibu na njia yako ya kila siku viache vya mwisho.