Kuishi bila dini Dar es Salaam: mwongozo kwa asiyeamini

Mtu akiacha kuamini Mungu hapa Dar es Salaam, hoja ya kama Mungu yupo au hayupo huwa ndiyo kazi ndogo. Kazi kubwa ni watu: mama anayekuamsha ukaswali, kamati ya harusi, karani wa mahakama anayekushikisha kitabu, baba mkubwa atakayeamua uzikwe vipi. Wengi hawatakudai ushahidi. Wanachohofia ni kwamba ukishaitupa imani, utu nao umekwenda nayo. Ndiyo maana mwongozo huu unashughulika na mambo mawili: kuonyesha kwamba utu umebaki pale pale, na kuweka makaratasi sawa ili msimamo wako usiwe mzigo kwa waliokuzunguka.

Jipambanue kwanza wewe mwenyewe

Kabla ya kumwambia mtu yeyote, chukua karatasi uigawe sehemu tatu. Sehemu ya kwanza andika usiyoyaamini, moja moja: Mungu anayesikia dua, siku ya hukumu, pepo na moto, vitabu vilivyoshushwa. Ya pili andika usiyoyajua, kwa mfano ulimwengu ulianzaje. Ya tatu andika unayoyashika: kutodhulumu, kulipa deni, kuwatunza wazazi, kusema kweli hata ikikugharimu. Sehemu hii ya tatu ndiyo utakayoulizwa zaidi, na ndiyo watu wengi huiacha tupu.

Yapime na yale yanayobaki pembeni ya dini. Wapo walioacha msikiti au kanisa lakini bado wanaogopa kijicho, wanalala na hirizi chini ya mto, na mtoto akipata degedege wanakimbilia kwa mganga kabla ya zahanati. Kama sababu yako ya kuacha dini ni kukosa ushahidi, basi majini na uchawi viulize swali lile lile. Usipofanya hivyo, mtu wa kwanza mwenye akili atakayekaa nawe barazani ataliona hilo tundu, na atakuwa na haki.

Na kama ukweli wako ni kwamba hujui, sema hujui. Asiyejua na anayekana si mtu mmoja. Kukana jambo usilolipima, kwa hasira tu ya padri au shehe aliyekuudhi, hakudumu. Hasira ikiisha, hutabaki na kitu cha kusimamia.

Swali la maadili: jiandae nalo vizuri

Swali litakalokufuata kila mahali ni hili: bila Mungu, kinakuzuia nini kuiba? Usilijibu kwa kuorodhesha mapadri na mashehe walioanguka. Aliyekuuliza ataona unawachafua watu wake, na swali lenyewe litakuwa halijajibiwa.

Njia nzuri ni kuanzia ndani ya nyumba yake. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alimwandika mwalimu wake Socrates akiuliza juu ya utakatifu swali ambalo mpaka leo halijachakaa, na leo huulizwa hivi: jema ni jema kwa sababu miungu wanalipenda, au wanalipenda kwa sababu ni jema? Ukisema la kwanza, basi kuua mtoto kungekuwa kwema kama kungeamriwa. Ukisema la pili, wema unasimama kwa miguu yake, na asiyeamini naye anaweza kuufikia.

Kwa Mwislamu aliyesoma, jambo hili si geni. Wanachuoni wa Mutazila, kundi la wanatheolojia wa Kiislamu wa Basra na Baghdad, walisema akili ya mtu inaweza kutambua jema na baya, na wafuasi wa mwanatheolojia al-Ash'ari wakawapinga, wakisema jema ni lile lililoamriwa. Mjadala huo ulifanyika ndani ya Uislamu, miaka elfu moja na zaidi iliyopita, na ukiutaja kwa heshima utasikilizwa. Kwa Mkristo, mfungulie Warumi 2:14-15, pale Paulo anaposema mataifa wasio na sheria hutenda ya sheria kwa tabia, kwa kuwa imeandikwa mioyoni mwao. Mkatoliki anaweza kukuongezea mwenyewe Tomaso wa Akwino, mwanatheolojia wa Kanisa wa karne ya 13, na sheria ya maumbile inayotambulika kwa akili.

Baada ya hapo, shuka chini kabisa. Konda anayerudisha chenji ya mzee asiyeona vizuri hafanyi hivyo kwa kukumbuka aya, anamwona mzee. Muuza genge anayemkopesha jirani unga hadi mwisho wa mwezi anajua njaa ni nini. Huruma hiyo, pamoja na kujua kwamba sote tunahitajiana, ndiyo msingi wa maadili ya asiyeamini. Haitoi thawabu baadaye, na hapo usidanganye: ukiulizwa mnyonge aliyedhulumiwa akafa atalipwa wapi, jibu la kweli ni kwamba hatalipwa popote. Kwa hiyo haki yake inadaiwa hapa hapa, akiwa hai. Jibu hilo linauma, lakini ndilo linalompa asiyeamini sababu ya kutosubiri.

Usihubiri. Aliyefiwa juzi na anajifariji kwamba mtoto wake yuko mahali pema, mwache na faraja yake. Hakuna ushindi wa hoja unaolingana na madhara ya kuivunja.

Kuwaambia nyumbani

Kwanza tazama unaishi kwa nani. Kijana anayelipiwa ada, anayelala kwa mjomba Mbagala au kwa shangazi Tabata, hana haraka. Kunyamaza mpaka upate chumba chako na kipato chako si unafiki, ni kujihifadhi. Wapo waliofukuzwa usiku na mfuko wa nguo.

Ukishajitegemea, fuata ngazi. Anza na ndugu mmoja wa tumbo moja anayejua kutunza neno. Kisha mama, peke yake. Kisha baba. Wakubwa wa ukoo wataletewa habari na baba, wewe usiwatangulie. Usichague mwezi wa Ramadhani, mkesha wa Krismasi, wala msibani. Jumamosi asubuhi, chai ikiwa mezani na hakuna mgeni, inafaa.

Maneno yawe machache. "Mama, kuna jambo nataka ulisikie kwangu, usije ukalisikia kwa watu. Siswali tena kwa sababu siamini. Wewe ni mama yangu vile vile, na yale uliyonifunza ya kuheshimu watu nayashika." Halafu nyamaza. Atalia, au atauliza ni nani kakuharibu, au atasema ni mambo ya ujana. Usianze kueleza sayansi siku hiyo.

Kinachofuata mara nyingi ni tiba. Watasema una jini au roho chafu. Utaletewa kombe, maji yaliyooshea maandishi ya Kurani, unywe, au utapelekwa kwenye maombezi. Kukaa kimya ukiombewa hakudhuru, na kunamtuliza mama. Kufungishwa siku kadhaa bila maji, kuachishwa dawa za kisukari au presha, kuchapwa ili pepo atoke: hapo kataa, ondoka, na mwite yule ndugu uliyeanza naye.

Mtaani

Salamu ziitikie. Ukiambiwa "Asalaam aleikum", sema "Waaleikum salaam". "Inshallah" na "Mungu akipenda" ni lugha ya mji mzima. Kuyakwepa maneno hayo kunakufanya uonekane mwenye kiburi na hakukuongezei ukweli wowote. Michango ya harusi na send-off toa kama kawaida hata ndoa ikifungwa kanisani, kwa sababu unamchangia mtu. Mchango wa ujenzi wa kanisa au msikiti una haki ya kuukataa kwa upole, na kama unataka kutoa, uliza kama kuna fungu la yatima au la kisima.

Msiba ndio mtihani wenyewe. Nenda mapema, si wakati wa kuzika tu. Saidia kufunga turubai, kupanga viti, kuchota maji ya wapishi, na andika rambirambi yako kwenye daftari. Dua ikisomwa na wenzako wakiinua viganja, kaa kimya mikono ikiwa magotini, hakuna atakayekuuliza. Sala ya jeneza ikisimamishwa, simama nyuma ya safu. Kanisani simama watu wakisimama, ila usiende kupokea Komunyo: kwa Mkatoliki ule ni mwili wa Kristo, na kuupokea bila kuamini ni kumdhihaki. Makaburini, pokezana koleo na wenzako. Mtu aliyeshika koleo kwenye msiba wa jirani hasemwi kwamba hana utu.

Sheria inasemaje

Katiba ya 1977, Ibara ya 3, inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyokuwa na dini. Ibara ya 19 inatoa uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini, pamoja na uhuru wa kuibadilisha. Sensa nayo haijauliza dini tangu ile ya 1967. Hakuna kosa la kutoamini.

Kuna kosa la kuumiza, hata hivyo. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 129, inamgusa anayetamka neno au kufanya ishara kwa makusudi ya kujeruhi hisia za dini za mtu mwingine, na adhabu yake inafika kifungo cha mwaka mmoja. Kupinga fundisho ni jambo moja, kumtukana Mtume au Yesu mbele ya waumini ni jingine. Mtandaoni uwe mwangalifu zaidi, maana maandishi hubaki. Na ukivuka kwenda Zanzibar mwezi wa Ramadhani, usile mchana hadharani: huko watu wamekamatwa na polisi kwa hilo.

Kituo cha polisi, ukiandika maelezo, utaulizwa kabila na dini. Jibu "Sina dini" na uhakikishe ndivyo ilivyoandikwa kabla ya kusaini.

Mahakamani, karani atauliza dini yako ili ajue akuapishe vipi. Sema: "Mheshimiwa, sina imani ya dini, naomba kuthibitisha." Sheria ya viapo inamruhusu asiye na imani ya dini kutoa uthibitisho badala ya kiapo, na uthibitisho huo una nguvu ile ile. Kosa la kawaida ni kuona aibu ukashika kitabu usichokiamini. Baadaye wakili wa upande wa pili akijua, atakuuliza kwa nini ulianza ushahidi wako hivyo.

Ndoa ya bomani

Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua ndoa ya kiserikali sawa na ya kanisani, ya Kiislamu au ya kimila. Toeni taarifa ya kusudio la kuoana angalau siku 21 kabla, RITA (wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini) au ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Taarifa hutangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Ulizeni mapema orodha ya vielelezo. Kwa kawaida ni vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, picha ndogo na barua ya serikali ya mtaa, na aliyewahi kuoa au kuolewa alete amri ya talaka au cheti cha kifo cha mwenzake. Siku yenyewe mje na mashahidi wawili. Ndoa hii huchukuliwa kuwa ya mke mmoja isipothibitishwa vinginevyo.

Kinachokwamisha mara nyingi ni ukumbi kulipiwa wakati siku 21 hazijatimia. Anzeni na taarifa, kadi za mwaliko baadaye.

Watoto: kubalianeni kabla ya kuoana kama watabatizwa, kutahiriwa kwa taratibu za dini, kwenda madrasa. Kwenye shule ya serikali, ongea na mwalimu mkuu mwanzoni mwa muhula kuhusu kipindi cha dini, na omba mtoto akae maktaba au afanye zoezi. Akipenda kwenda na rafiki zake, mwache. Mtoto anayekatazwa kusikia hatajifunza kupima.

Wosia na mazishi

Hapa ndipo wasioamini wengi huacha fujo nyuma yao. Tanzania Bara haina sheria moja ya mirathi: kuna ya mila, ya Kiislamu, na Sheria ya Urithi ya India ya 1865 tuliyoirithi kutoka kwa wakoloni. Mahakama hutazama marehemu aliishi vipi na alikusudia nini. Mtu anayeitwa Ramadhani, aliyezaliwa Mwislamu na hakuandika chochote, ndugu watadai sheria ya Kiislamu, ambayo wosia wake hauvuki theluthi moja ya mali.

Kwa hiyo andika wosia, na ndani yake tamka wazi kwamba huna dini na ungependa mirathi yako iendeshwe kwa sheria gani. Saini mbele ya mashahidi wasiopungua wawili, wanaojua kusoma na kuandika, wasiopata kitu kwenye wosia huo. Pitisha kwa wakili, au RITA, ambao pia hutunza wosia.

Lakini matakwa ya mazishi usiyaweke kwenye wosia peke yake. Wosia hufunguliwa matanga yakiisha, na kwa familia ya Kiislamu mwili unaweza kuwa kaburini siku hiyo hiyo. Andika ukurasa mmoja wa pembeni: uzikwe wapi, Kinondoni au kijijini, nani aongoze, nani asome wasifu, sala iwepo au isiwepo. Usitegemee kanisa ulilobatizwa: paroko atauliza jumuiya, yaani kikundi cha waumini wa mtaani kwako, kama ulikuwa unahudhuria, na ndugu zako wataaibika kusikia jibu mbele ya watu.

Ushauri wetu ni kwamba usizuie dua zote. Waache wasome hitima au wafanye ibada nyumbani kwao. Wewe shikilia mambo mawili au matatu unayoyajali kweli, nayo wataweza kuyatimiza. Mpelekee baba mkubwa karatasi hiyo ukiwa hai, umsomee, na umwombe aisaini, kwa sababu siku ile neno lake litakuwa zito kuliko la mkeo au mumeo. Toa nakala tatu: moja kwake, moja kwa mwenzi wako, na moja kwa rafiki atakayepigiwa simu usiku huo huo, namba yake ikiwa imeandikwa juu kabisa ya ukurasa.