Kifaru cha karatasi, tope la Masaka

Nauza stesheneri Bukoba, kwa hiyo wanaokuja kuulizia vifaa vya kutengeneza vifaru vya kivita vya karatasi wananifikia mimi. Wengi wanaamini kazi ni kukata, kubandika na kupaka kijani. Ukiishia hapo umepata boksi la kijani. Kinachofanya mtu aseme "kifaru hicho" ni uchafu, na uchafu haupakwi ovyo. Kila doa lilitoka mahali likafika pale lilipo kwa njia yake. Ukishajua njia, mkono hautakusumbua.

Nitaelekeza kwa Type 59 ya Wachina. Hiki ni nakala ya T-54A ya Wasovieti, na JWTZ ilikuwa nacho, pamoja na Type 62 kilicho chepesi zaidi, katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Nakipenda kwa historia hiyo, na pia kwa uvivu. Bodi ni bapa tupu, magurudumu ni matano kila upande, na kichwa kinachobeba mzinga ni kama bakuli lililofunikwa. Jeshi la Amin lilikuwa na Sherman pia, vifaru vya zamani vya Kimarekani. Mwenye roho ya paka aanze na hizo.

Tumia kipimo cha 1:25 (sentimita moja kwako ni 25 kwenye kifaru halisi), ambacho Wapolandi wamekizoea kwa modeli zao za magari ya karatasi, hivyo michoro mingi utaikuta katika ukubwa huo. Type 59 halisi ina bodi ya urefu wa mita 6.04 na upana wa mita 3.27. Kwako hiyo ni sentimita 24 kwa 13. Kutoka ncha ya mtutu hadi nyuma ni kama mita 9, yaani sentimita 36. Hakikisha meza inatosha kabla hujaanza.

Karatasi: manila ya gramu 160 hadi 200 kwa ngozi ya nje, na jalada la kaunta buku la zamani kwa mifupa ya ndani. Usiponunua manila kwangu sitalia, ila usitumie karatasi ya gramu 80 ukaja kunilaumu ikijikunja. Ukiprinti mchoro, jua printa ya wino inachuja rangi ikiguswa na maji, na ya tona inapasuka kwenye mikunjo. Kwa kuwa tutapaka rangi juu ya kila kitu, chagua yoyote.

Kabla ya kukunja, pitisha kalamu ya bic iliyoisha wino juu ya mstari, ukiibana kwa rula ya chuma. Wembe mpya, gundi nyeupe ya maseremala, na kijiti cha meno cha kuipakia. Gundi ikizidi karatasi inavimba na haitulii tena. Mifupa ya bodi iwe na vigawanyo vya kutosha ndani, kila sentimita nne hivi, la sivyo ubavu utabonyea ukishika.

Kichwa ndicho kinachowashinda watu. Mchoro wa kununua utakupa vipande vyenye umbo la majani ya kuunganisha pembeni, na matokeo yake yana kona kama mpira wa viraka. Mimi nakata visahani vya kadibodi vinavyopungua ukubwa, nabandika kimoja juu ya kingine hadi kimo kitoshe, naacha kikauke usiku kucha, kisha nasugua kwa msasa, namba 120 kwanza, halafu 240. Kichwa cha kifaru hiki kilimiminwa kiwandani, hakikuunganishwa kwa mabati, kwa hiyo ngozi yake haikuwa laini. Changanya gundi na unga wa msasa uliobaki mezani, paka, na kabla haijakauka igongegonge kwa mswaki wa zamani. Sehemu hiyo usiisugue tena.

Mtutu: mzinga ni wa milimita 100, kwa hiyo tundu kwako ni milimita 4. Zungushia karatasi kwenye sindano ya kufumia ya unene huo. Kwanza pinda karatasi taratibu pande zote mbili uone upande gani inatii kirahisi, na huko ndiko uzungushe. Karibu na mdomo kuna kivimbe cha kutolea moshi wa baruti, ambacho ni ukanda wa karatasi uliozungushwa mara kadhaa.

Magurudumu yana kipenyo cha sentimita 3.2 na kila moja ni jozi, hivyo utakata visahani ishirini kwa bikari. Ukingo wake udondoshee gundi ya super, ikikauka ukwangue kwa msasa, nao unakuwa mgumu kama plastiki. Fungua dirisha, ile harufu inachoma macho. Kati ya gurudumu la kwanza na la pili acha nafasi kubwa kuliko nyingine, maana ndiyo alama ya familia hii ya vifaru. Minyororo ni ukanda wa upana wa milimita 23 wenye pingili za milimita 5.5, kama 90 kila upande. Ni kazi ya kuchosha, weka redio. Kifaru hiki hakina vigurudumu vya kushikilia mnyororo juu, kwa hiyo upande wa juu ulale juu ya magurudumu kwa uzito wake. Mnyororo ulionyooka kama uzi wa fundi mwashi utakuumbua.

Sasa uchafu. Jirani yangu mmoja, mzee aliyewahi kuendesha malori ya jeshi, alipita dukani akakuta kifaru cha mpwa wangu kaunta. Akakizungusha, akauliza, "Mjukuu wangu, dereva wenu anapandia wapi?" Kijana akamwonyesha. "Mbona hajaacha nyayo?" Swali hilo limebeba somo zima.

Anza kwa kufunga karatasi. Puliza vanishi isiyong'aa, tabaka jembamba, ikauke, kisha tabaka la pili. Bila hivyo maji yoyote yataingia na kuivimbisha. Kisha rangi ya kijani cha jeshi ya akriliki, isiwe nzito. Maeneo yanayotazama jua, juu ya bodi, juu ya kichwa na juu ya madigadi, yapitie kijani kilichochanganywa na njano kidogo. Ubavu uache ulivyo.

Halafu penseli ya 6B. Paka risasi yake kwa kidole pale ambapo buti na minyororo hugusa kila siku: ukingo wa milango ya juu, mishikio, meno ya gurudumu la nyuma linalovuta mnyororo, na uso wa pingili unaokanyaga barabara. Usizungushe kila kona. Kona ambayo hakuna mtu anayeigusa haina sababu ya kung'aa.

Ekzosi iko kushoto, upande wa nyuma, juu ya digadi. Washa koroboi, kinga kisahani cha bati juu ya moto, kwangua masizi, uyapake kwa brashi kavu kuelekea nyuma. Masizi halisi yanashinda rangi nyeusi ya dukani, na hayana gharama.

Kuhusu kutu nitasema neno kali. Watu wanapaka kutu mwili mzima hadi kifaru kinaonekana kimeokotwa ziwani. Vita vilianza Oktoba 1978, na Kampala ilitwaliwa Aprili 11, 1979. Chuma kinene kilichopakwa rangi hakiozi kwa miezi michache. Kutu iwekwe kwenye ekzosi na kwenye pingili tu. Sugua bati kuukuu kwa msasa, chukua unga wake, upake ukiwa mkavu.

Vumbi na tope ndiyo sehemu ninayoifurahia, kwa sababu njia iliyopitwa na JWTZ kwenda Kampala inakupa rangi mbili kwa mpangilio. Kutoka Mutukula, mpakani, ulipotekwa Januari 1979, hadi mji wa Masaka, uliotekwa Februari, ardhi ni nyekundu na ni miezi ambayo mvua imepungua. Kwa hiyo tabaka la kwanza ni vumbi jekundu. Baada ya hapo ni mapigano ya Lukaya, Machi 10 na 11, barabara ikipita katikati ya kinamasi cha mafunjo, masika yakianza. Tabaka la pili ni tope jeusi, na linakaa chini tu: magurudumu, ubavu wa chini na nyuma ya madigadi, pale mnyororo unaporusha. Ukigeuza mpangilio, nyekundu juu ya nyeusi, umekirudisha kifaru Mutukula.

Udongo tumia wa kweli, ila ukumbuke kipimo. Chembe ya nusu milimita kwako ni kokoto ya zaidi ya sentimita moja kwenye kifaru halisi. Kausha, twanga, chuja kwa soksi nyembamba za kike, mara mbili. Vumbi jekundu lipakwe kavu kwa brashi laini, likusanyike kwenye pembe na kuzunguka misumari ya madigadi. Juu ya bodi, mbele alipo dereva, gandamiza alama mbili tatu za buti kwa ncha ya kijiti, na kufuta kidogo pale mikono inaposhika. Tope jeusi changanya na gundi nyeupe na maji machache, liwe zito, ulitupie kwa mswaki toka chini kwenda juu. Usiliweke juu ya kichwa, hakuna mnyororo unaofika huko. Mwisho, tone la vanishi inayong'aa, kama dizeli iliyomwagika, kwenye mifuniko ya matangi ya dizeli yaliyo juu ya digadi la kulia, na michirizi mifupi kushuka.

Vanishi ya mwisho ikipulizwa hufanya vumbi lififie. Kwa hiyo puliza kwa mbali, subiri ikauke, kisha rudishia vumbi kidogo lisilofungwa na chochote. Huku kwetu kwenye unyevu, kifaru kikae kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko, maana mende nao hutafuna karatasi. Ukikihamisha kishike tumboni kati ya magurudumu. Mtutu si mpini.