Jinsi ya kuisoma bajeti ya serikali ukiwa na biashara ndogo inayoyumba

Kila mwaka bajeti ikishasomwa, wanachama wa vyama vya wafanyabiashara wadogo ninavyovisaidia huniuliza swali moja: "Safari hii tumewekewa nini?" Nami kila mwaka huwaomba siku chache nikapekue makabrasha, maana jibu huwa halimo kwenye hotuba. Hivi ndivyo ninavyolitafuta.

Hatua ya 1: Tafuta nyaraka tatu. Makadirio ya matumizi ya wizara, muswada wa sheria ya fedha, na taarifa ya utekelezaji wa bajeti ya mwaka uliopita. Hiyo ya tatu wengi huiruka. Mimi ndiyo ninayoanza nayo.

Hatua ya 2: Linganisha fedha iliyotengwa na iliyotolewa. Kutengewa si kupewa. Mfuko wa wajasiriamali ukitengewa bilioni 10 na hadi mwaka unafungwa hazina imetoa bilioni 3, basi mpango wako ujengwe juu ya hizo 3. Angalia pia zilitoka lini: fedha inayotoka wiki mbili kabla ya mwaka kufungwa hutumika kwa pupa, au haiwafikii kabisa walengwa. Kama ripoti ya mkaguzi wa hesabu za serikali ipo, soma kurasa zinazohusu mfuko huo tu. Hakuna haja ya kumaliza kitabu kizima.

Hatua ya 3: Jua msaada ni wa aina gani. Hapa ndipo watu huumia. "Serikali imetenga fedha kusaidia biashara ndogo" inaweza kumaanisha ruzuku (hurudishi), mkopo wa riba nafuu (unarudisha), au dhamana ya mkopo (serikali inaahidi kuilipa benki ukishindwa kurudisha). Hii ya mwisho isome mara mbili. Dhamana huilinda benki, haimlindi mkopaji. Mwaka 2020 Uingereza ilianzisha mikopo ya Bounce Back kwa biashara zilizopigwa na janga la UVIKO-19: hadi pauni 50,000, dhamana ya serikali asilimia 100 kwa mkopeshaji. Hata hivyo mkopaji alibaki na deni lote shingoni. Marekani, mwaka huohuo, ilikwenda njia nyingine: mikopo ya Paycheck Protection Program ilisamehewa iwapo mwenye biashara alitimiza masharti, hasa kuitumia sehemu kubwa kulipa mishahara. Zote ziliitwa mikopo, lakini moja inakufuata hadi mlangoni na nyingine inaweza kufutwa.

Hatua ya 4: Pitia vifungu vya kodi kwenye muswada wa sheria ya fedha. Tafuta viwango vya mauzo ghafi: chini ya kiasi gani husajiliwi kodi ya ongezeko la thamani, na hadi kiasi gani unaruhusiwa kulipa kwa utaratibu rahisi. Kiwango kikipandishwa, umesaidika bila kujaza fomu yoyote.

Hatua ya 5: Tazama serikali kama mteja. Kwa maoni yangu msaada mkubwa kuliko yote umejificha hapa, na ndio usiopigiwa makofi bungeni. Marekani imejiwekea lengo la angalau asilimia 23 ya thamani ya mikataba ya serikali kuu kwenda kwa biashara ndogo. Kenya inatenga asilimia 30 ya zabuni za umma kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu.

Ila zabuni bila malipo ni mtego. Niliwahi kukaa na kikundi cha mafundi cherehani walioshona sare za ofisi moja ya umma, wakasubiri hela zao miezi tisa, huku wakikopa ili wanunue vitambaa vya wateja wengine. Kwa hiyo tafuta fungu la kulipa malimbikizo ya madeni ya wazabuni. Likiwa dogo kuliko deni lenyewe, jua kuna watakaosubiri. Umoja wa Ulaya, kwa maelekezo yake ya mwaka 2011, unazitaka taasisi za umma zilipe ndani ya siku 30 kwa kawaida. Kama kwenu kuna kanuni ya namna hiyo, iandike kwenye ankara yako.

Hatua ya 6: Shuka hadi serikali za mitaa. Soko, taa za barabarani na mtaro wa maji ya mvua havimo kwenye fungu la "biashara", lakini ndivyo vinavyoamua kama wateja watafika. Tanzania, kwa mfano, sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Porto Alegre, Brazil, tangu 1989 wakazi walianza kukaa mikutanoni na kupanga vipaumbele vya uwekezaji wa mji wao.

Hatua ya 7: Peleka maoni kabla rasimu haijafungwa. Hotuba ikishasomwa, mengi yameshaamuliwa. Ukurasa mmoja unatosha: namba ya kifungu, kiasi kilichotengwa, kiasi kilichotolewa mwaka jana, na unachotaka kibadilike. Omba nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, uitunze. Mwakani utaanza nayo pale pale kwenye hatua ya 2.