Kuchagua globu za taa za mbele zinazomulika zaidi (halojeni)

Hapa naongelea zaidi H4, ile yenye miguu mitatu inayobeba dimu (mwanga wa chini) na fuli (mwanga wa mbali) kwenye globu moja, maana ndo imejaa kwenye Probox, Vitz za zamani na pickup kibao, ila mengi yanafaa hata kama gari lako linatumia H7, H11 au HB3. Aina usibahatishe, toa ya zamani usome kwenye kitako chake, na fundi asikukatie miguu ya globu ili "iingie".

Kabla hujatoa hela ya globu angalia kioo cha taa. Taa nyingi siku hizi ni plastiki, zikipigwa na jua miaka kadhaa zinakuwa njano na ukungu, hapo hata ukiweka globu ya bei mbaya mwanga unasambaa hovyo na wa mbele unaosalia ni kidogo. Piga msasa wa maji, anza na 800 uende mpaka 2000, halafu polishi, halafu upake kinga ya jua, bila hiyo kinga njano inarudi haraka sana.

Kitu cha pili ambacho watu wengi hawakigusi kabisa ni umeme. Gari likiwa linanguruma na taa zimewaka, pima volti kwenye betri, kisha pima kwenye soketi ya globu ikiwa imechomekwa na inawaka, mita iweke kati ya waya wenyewe wa soketi usitumie bodi kama athi (njia ya umeme kurudi betri), kwa sababu Toyota nyingi za zamani taa zinawashwa kwa upande wa negativu na utapata majibu ya ajabu. Tuseme betri ina 14 na soketi ina 12.6. Unaona tofauti ndogo eh? Mwanga wa halojeni unashuka kwa kasi kuliko volti, ukipoteza asilimia 10 ya volti unapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga! Dawa yake ni kusafisha athi na soketi, na ikibidi kufunga waya nene zenye relei (swichi inayoamshwa na umeme) na fyuzi zinazochukua moto moja kwa moja kwenye betri, swichi ya zamani inabaki kuamsha relei tu. Mimi ningeanza na hii kabla ya globu yoyote.

Sasa globu zenyewe. Kwenye boksi utaona +30, +100, +150, mpaka +200, yaani asilimia ya mwanga zaidi, Philips na Osram wote wanaandika hivyo, na mtu anadhani taa itakuwa mara tatu. Hapana. H4 halali ni wati 55 dimu na 60 fuli, mwanga wake ni kama lumeni (kipimo cha mwanga) 1000 kwenye dimu na 1650 kwenye fuli, na kiwango kinaruhusu kupanda au kushuka kidogo tu. Ile asilimia inalinganishwa na kiwango cha chini cha sheria, tena kwenye sehemu fulani ya barabara mbele yako. Wanachofanya ni kuusuka uzi unaowaka ndani ya globu vizuri zaidi na kuuchoma kwa joto kubwa, kwa hiyo utaona mbali zaidi kweli, lakini globu inaungua mapema. Kama unatembea usiku kila siku chukua +30 au karibu na hapo, hizo za +150 ni za mtu anayesafiri usiku mara mojamoja.

Za bluu achana nazo, ile rangi ni chujio, inakula mwanga ili ionekane nyeupe. Na zile za wati 100/90 wanazokuuzia kwa sifa zinayeyusha soketi na kuunguza rifrekta, ule ubati unaong'aa ndani ya taa. Globu halali ina herufi E na namba ndani ya duara, ingawa feki nazo wanachapa, so nunua duka ambalo unaweza kurudisha.

Kufunga: nunua mbili, badilisha zote pamoja. Usishike kioo cha globu kwa vidole, mafuta ya ngozi yanafanya sehemu ile ipate joto kupita kiasi, ukishagusa futa kwa spiriti. Hakikisha miguu mitatu imekaa, kile kibanio cha waya kifunge bila kulazimishwa, na mpira wa nyuma urudi sawasawa maji yasiingie.

Halafu paki sehemu tambarare, ukuta mita 10 mbele, washa dimu. Mstari wa juu wa mwanga uwe kama sentimita 10 chini ya usawa wa katikati ya taa, ukiwa juu punguza kwa skrubu ya nyuma ya taa. Kwetu tunaopita kushoto mstari unapanda upande wa kushoto. Wenzetu wa Burundi na mashariki ya Congo wanaotumia gari za Japani wakati wao wanapita kulia, huo mwanga unapanda kwenye macho ya anayekuja, na hakuna globu inayorekebisha hilo, tafuteni taa nzima za nchi zinazopita kulia.