Hofu ya Mashine ya Kusafisha Damu: Namna ya Kuituliza

Ikiwa figo zako zimeshindwa na unasafishwa damu kwa mashine, kwanza hakikisha unachohisi ni hofu kweli. Kukosa pumzi ukilala chali, miguu kuvimba na uzito kupanda ni dalili za maji kujaa mwilini. Moyo kudunda ovyo na misuli kulegea huenda ikawa madini ya potasiamu yamezidi kwenye damu, na yakizidi yanaweza kusimamisha moyo. Hapo usijitulize: mwambie muuguzi mara moja, na kama uko nyumbani, wahi hospitali.

Ikiwa ni hofu, tafuta inapoanzia. Wengi huogopa sindano. Mwombe daktari krimu ya ganzi yenye lidokaini na prilokaini, uipake kwa unene juu ya fistula (mshipa wa mkononi uliotengenezwa kwa ajili ya sindano za mashine) na kuifunika kwa plastiki dakika 60 kabla ya kuchomwa. Ukiipaka umeshakaa kitini, utaumia vilevile na utadhani dawa ni mbovu. Ioshe kwa sabuni kabla muuguzi hajasafisha ngozi.

Wengine huogopa presha kushuka: miayo, jasho la baridi, kichefuchefu, kisha misuli kukaza. Mara nyingi mashine inavuta maji ya mwilini upesi mno. Kiwango kinachopendekezwa kisipitwe ni mililita 13 kwa kila kilo ya uzito kwa saa. Mwenye kilo 60, kwa saa 4, ni kama lita 3.1. Ukija na lita 4 za maji yaliyozidi mwilini, utateseka tu. Kwa hiyo dawa ya hofu hii iko jikoni. Chumvi ndiyo inayoleta kiu. Isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye mkate na samaki wa ng'onda. Chumvi mbadala usiiguse, nyingi zimejaa potasiamu. Miayo ikianza, sema hapohapo, usingoje kuzimia.

Kengele ya mashine ikilia, mara nyingi umekunja mkono na mrija umebanwa. Nyoosha mkono, muuguzi atamalizia.

Kabla ya sindano, vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe taratibu hadi 6, kwa dakika 5. Ukivuta harakaharaka utapata kizunguzungu na ganzi vidoleni, na hofu itazidi.

Usijinunulie dawa za usingizi. Nyingine hukaa mwilini muda mrefu figo zikiwa zimechoka. Hofu ikipita wiki 2, ikikunyima usingizi au kukufanya utake kuacha matibabu, mweleze daktari wazi, na hata siku hiyo usikatishe saa zako za mashine.