Kumsimamia mgonjwa wa skizofrenia anapoanza dawa

Anayemsimamia nyumbani mgonjwa wa skizofrenia, yaani maradhi ya akili yanayomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo, anahitaji kwanza kufahamu dawa inafanya kazi wapi. Seli za ubongo hupelekeana habari kwa kemikali, mojawapo ikiwa ni dopamini, ambayo hushika kwenye vipokezi vya seli inayofuata. Katika skizofrenia dopamini hutolewa kupita kiasi katika baadhi ya sehemu za ndani za ubongo, na mambo madogo, kama jirani kukohoa ukutani, yakapata uzito usio wao, hata mgonjwa akaamini kuwa anaandamwa. Dawa kama haloperidoli, klopromazini, risperidoni na olanzapini hukalia kipokezi kiitwacho D2, hivyo dopamini ikifika, kama mgeni aliyechelewa maulidini, hukuta mkeka umejaa.

Vipimo vya picha za ubongo vimeonesha kuwa, kwa dawa nyingi za aina hii, nafuu hupatikana vipokezi hivyo vinapokaliwa kwa kiasi cha asilimia 65, ilhali vikikaliwa kwa karibu asilimia 80 mwili huanza kukakamaa na kutetemeka. Kwa hivyo usimwongezee kidonge kwa kuwa bado anazungumza peke yake. Dawa hufika kwenye vipokezi kwa muda wa saa chache, lakini mawazo hutulia kwa siku na wiki.

Siku chache za mwanzo, hasa kwa kijana wa kiume aliyechomwa haloperidoli, mwangalie kwa makini. Shingo inaweza kupinda, taya likakaza na macho yakapanda juu. Na kwa kuwa sura hiyo inafanana mno na ya mtu anayedhaniwa kupandwa na shetani, wapo wanaokimbilia kwa mganga. Sababu ni kwamba D2 zimo pia katika sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo wa viungo. Mpeleke hospitali, iwe Kidongo Chekundu kule Unguja, Wete kule Pemba au iliyo karibu zaidi, akapatiwe benzheksoli, dawa ya kuondoa mkakamao huo, au sindano ya kazi hiyo, ambayo mara nyingi hulegeza misuli kwa muda mfupi. Kisomo hakikatazwi, ila na asomewe njiani. Akikakamaa mwili mzima pamoja na homa kali na kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura inayoweza kuua. Hedhi kukatika au maziwa kutoka bila ya uzazi nako hutokana na D2 kuzibwa; mwambieni daktari, msiifiche kwa haya.

Mirungi huongeza dopamini ileile ambayo dawa inaizuia, kwa hiyo mgonjwa asitafune kabisa. Moshi wa sigara nao hupunguza olanzapini mwilini, hivyo akianza au akiacha kuvuta, daktari ajue.

Ramadhani ikikaribia, muulizeni daktari kama dozi inaweza kuhamishiwa baada ya futari. Asiyeweza kufunga ana ruhusa ya mgonjwa. Msiache dawa kwa kumwona amepona, kwani maradhi mara nyingi hurudi baada ya wiki au miezi, wala si siku ya pili, na ucheleweshaji huo ndio unaowadanganya wengi. Anayekataa vidonge anaweza kupewa sindano ya flufenazini, ambayo kwa kawaida huchomwa kila baada ya wiki mbili hadi nne. Akisafiri baina ya Unguja na Pemba, kadi yake na dawa zikae katika mkoba wa mkononi, si kwenye mizigo ya chini ya boti.